Yule Aliyeuza Mashini Amemwibia Nani?



Jumapili moja ya mwezi uliopita, nyuma ya ibada, wengi walituzunguka pale mlangoni wakiuliza habari ya vijana wa ateliye. Wengine waliuliza kwa huzuni, wengine kwa hasira, na mama mmoja aliuliza kwa sauti kubwa mpaka watoto wa kwaya wakanyamaza. Alisema hivi: "Papa shemasi, mashini zetu ziko wapi?" Siku ile hatukujibu vizuri. Tulisema kwamba tutaandika. Basi tunaandika.

Jambo lenyewe wengi wanalijua, lakini tulieleze tena kwa ajili ya wale wanaokaa mbali na Lubumbashi. Mwaka wa 2022 parokia yetu ilifungua ateliye ndogo nyuma ya kanisa, kwa ajili ya watoto walioacha masomo mbele ya kuyamaliza. Tulitaka wajifunze kushona nguo au kuunga vyuma kwa sudire, badala ya kuzunguka barabarani ao kwenda kuosha mawe ya shaba na kobalti kule migodini. Desemba 2024 vijana 9 walimaliza. Wale 7 wa kushona walipewa kila mmoja mashini ya kukanyaga kwa miguu. Wale 2 wa sudire walipewa posti moja watumie pamoja. Tuliimba, tulipiga picha, tulikula. Mbele ya mwezi wa tano 2025, mashini 3 zilikuwa zimekwisha kuuzwa.

Sasa baraza la wazee lina mashauri mawili mbele yake. La kwanza, wale watatu wasimame mbele ya kanisa lote na kuungama kama wezi. La pili, tangu leo kila kijana atie sahihi karatasi inayosema kwamba mashini ni ya kanisa, na kanisa litaitwaa siku yoyote litakapopenda. Sisi tulio katika kazi ya ushemasi tumeombwa kutoa mawazo yetu. Tumefikiri sana, tena tumepoteza usingizi kidogo, kwa sababu ni sisi wenyewe tuliogawanya zile mashini.

Swali ni hili: mtu akipewa chombo cha kazi, kisha akakiuza, amemwibia nani?

Tuanze na wale watatu, maana watu wanawataja pamoja kana kwamba ni mtu mmoja. Wa kwanza ni kijana aliyeuza mashini yake, akanunua telefone, na pesa iliyobaki akainywa. Huyo hatumtetei. Tulimkemea mbele ya wazazi wake, naye anajua alichofanya.

Wa pili ni msichana. Yaya yake alizaa kwa kupasuliwa katika hospitali moja ya hapa mjini, na pesa ya kulipa haikuwako. Ninyi akina mama mnajua desturi hii mbaya inayoonekana pengi katika inchi yetu: mzazi amekwisha kupona, mtoto ananyonya vizuri, lakini hawatoki mpaka deni liishe. Yule dada alibaki ndani. Msichana wetu alichukua mashini iliyonunuliwa kwa dolari 150, akaiuza kwa dolari 60, akaenda kumtoa. Tulipomwita alisema tu: "Papa shemasi, yaya alikuwa na siku kumi na ine kule ndani na mutoto. Kila siku walikuwa wanaongeza pesa. Ningengoja nini?"

Wa tatu ni msichana pia, na mambo yake hayakujulikana haraka. Tulipotafuta mashini yake tuliikuta kwa mtu wa kanisa letu, tena mtu anayeketi mbele, aliyeinunua kwa nusu ya bei. Na majoho mapya ya kwaya, yale mliyoyasifu siku ya Pasaka, yameshonwa juu ya mashini ile ile. Hatuandiki haya ili kumwaibisha mtu. Lakini ikiwa muuzaji ataitwa mwizi mbele ya kanisa, tutamwita nani yule aliyenunua akijua inatoka wapi? Katika mashauri ya baraza hatukusikia neno lolote juu yake.

Tunamrudilia yule mama aliyepaza sauti. Yeye anauza lengalenga katika soko la Kenya. Muda wa miaka miwili alitoa franka 500 kila Jumapili kwa ajili ya ateliye, na kuna Jumapili ambazo tulijua kabisa kwamba franka zile zilitoka katika unga wa nyumba yake. Anapouliza mashini ziko wapi, hana kosa. Yeye hakutoa ili mtu alipe hospitali. Alitoa ili mtoto apate kazi. Ikiwa tunamjibu kwamba yule msichana alifanya vema kumwokoa dada yake, anaweza kutujibu kwamba yeye pia ana wagonjwa nyumbani, na hata hivyo sadaka yake hakuigusa. Neno hilo ni zito. Mtu anayepokea zawadi iliyotolewa kwa kusudi fulani anapokea na lile kusudi pamoja nayo. Hatuwezi kusema kwamba mashini ilikuwa mali yake basi auze apendavyo, kama mtu auzaye kuku wake.

Lakini je, tuseme basi kwamba ni mwizi? Hapa ndipo tunaomba ndugu wasome polepole.

Chombo cha kazi si mali kama mali nyingine. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, Musa anakataza mtu kutwaa jiwe la kusagia la maskini kuwa rehani, na sababu anayoitoa ni kwamba atwaaye jiwe lile ametwaa uhai wa mtu. Hakusema ni dhambi kutwaa rehani yoyote. Alisema jiwe la kusagia ndilo lisiguswe, kwa sababu nyumba inakula kwa hilo. Na katika sura ya 15 anaagiza kwamba mtumwa anayewekwa huru mwaka wa saba asitoke mikono mitupu, bali apewe katika kundi, katika nafaka na katika divai. Siku ya mgawanyo tulizisoma sura hizo mbili, tukafurahi, tukadhani tumezitimiza: vijana wetu hawakutoka mikono mitupu.

Tulikosa kutazama jambo moja. Yule aliyepewa kondoo na nafaka alikuwa na kitu cha kula siku ile ile. Yule tuliyempa mashini alikuwa na kitu kitakachomlisha siku watu watakapomletea nguo. Na katikati ya siku hizo mbili atakula nini?

Tulikwenda kuuliza mafundi wakubwa wa sokoni, jambo tulilopashwa kufanya mbele ya kununua hata sindano moja. Walitucheka kidogo. Walituambia kwamba fundi wa nguo hapa kwetu ana mwaka wake, kama vile mkulima ana mwaka wake. Mwezi wa nane na mwanzo wa mwezi wa tisa ni mavuno: wazazi wote wanatafuta shati jeupe na sketi ao suruali ya bleu, maana masomo yanafunguliwa. Mbele ya tarehe 8 ya mwezi wa tatu, siku ya akina mama, kuna vitambaa vya kushona kwa haraka, lakini kitambaa cha sikukuu mama hampelekei mtu asiyejulikana. Anampelekea fundi ambaye amekwisha kumshonea. Kuna arusi, kuna Krismasi. Nje ya hayo ni kutengeneza zipu na kupunguza nguo za mitumba. Sasa sisi tulitoa mashini Desemba mwishoni, nyuma ya Krismasi, wakati kila mtu amekwisha kutumia pesa yake. Kijana mgeni katika kazi, bila jina, bila meza sokoni, alikuwa na miezi 8 ya kungoja mavuno yake ya kwanza. Mashini zile 3 ziliuzwa katikati ya mwezi wa pili na wa tano. Tazameni wenyewe.

Na ile posti ya sudire? Haikuuzwa, lakini haitumiki. Kule wanakokaa wale vijana umeme ukifika unafika dhaifu, na bageti haishiki chuma. Wanaikodisha kwa siku kwa mtu wa mtaa mwingine. Hakuna mtu anayewaita wezi, kwa kuwa chombo kingali chao. Lakini kazi tuliyowafundisha hawaifanyi.

Kuna neno lingine tuliloficha, na ni vema lisemwe. Yule msichana wa hospitali alitoka katika kalasi ya ine ya primeri mwaka wa 2017, akiwa na miaka 10. Minervali ilitosha mtoto mmoja, na baba akamchagua kaka. Katiba ya mwaka wa 2006 ilikuwa imekwisha kusema, katika kifungu cha 43, kwamba primeri katika shule za serikali ni bila kulipa. Lakini tangu zile migomo ya walimu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi ndio waliokuwa wakibeba mshahara wa mwalimu mabegani, na asiye na pesa alirudishwa nyumbani. Sisi wenyewe tulisoma wakati ule, tunakumbuka direkta akiita majina mlangoni. Masomo ya bure yalipoanza kutekelezwa, Septemba 2019, msichana huyu alikuwa na miaka 12, alikuwa amezoea kuuza maji barabarani, na aliona haya kuketi benchi moja na watoto wa miaka 8. Kuna vituo vya serikali na vya makanisa vinavyofunga miaka 6 ya primeri katika miaka 3 kwa ajili ya watoto kama hao. Hakuna mtu aliyempeleka. Alipokuja kwetu tulimpokea kama alivyo, tukamweka mbele ya mashini.

Sasa, kukata gauni kunataka hesabu. Kipimo cha kifua unakigawanya kwa ine, unaongeza nafasi ya mshono, unahesabu kitambaa kitatosha ao hakitatosha. Kisha unahesabu bei: uzi, zipu, siku zako mbili, na faida. Mwalimu wetu wa kushona ni fundi mwema, lakini alikuwa anamkatia yeye mwenyewe, msichana anakanyaga tu. Siku aliyobaki peke yake aliharibu kitambaa cha mteja wake wa kwanza, akapashwa kukilipa. Hayo yalipita mwezi wa kwanza, mbele ya mambo ya hospitali. Tulimpa breve yenye mhuri, tukijua ndani ya roho zetu kwamba kugawanya hajui. Ni nani aliyedanganya pale?

Tunafikiri kosa hili linatoka mbali. Wakati wa ukoloni Mbelgiji alitaka karani na fundi, hakutaka zaidi. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka wa 1954 tu, miaka 6 mbele ya uhuru. Kwa hiyo wazazi wetu walijifunza kutamani karatasi na kuona kazi ya mikono kama kitu cha kuachiwa mtu. Mpaka leo tunasema: huyu ana akili, aende humanités, huyu ameshindwa, mpelekeni kwenye mashini. Yule anayefika ateliye anafika amekwisha kuambiwa kwamba ni takataka ya shule. Na sisi, kwa kuwa tunamhesabu hivyo, hatumdai mambo mengi, wala hatujidai sisi wenyewe mambo mengi juu yake. Tungefungua humanités bila mwalimu wa hesabu? Lakini ateliye tulifungua hivyo, na hakuna aliyeuliza.

Ndugu mmoja katika baraza alisema: "Lakini mtu mzima hapewi kitu na kufuatwa nyuma kama mtoto." Tunamheshimu, lakini tumkumbushe jambo ambalo kila nyumba ya Katanga inalijua. Mwaka wa 2003 na wa 2004 watumikaji zaidi ya 10,000 wa migodi ya serikali walitoka katika kazi kwa kupokea pesa yao mara moja. Walikuwa watu wazima, wengine wenye miaka 30 ya kazi, wenye akili na nidhamu kuliko sisi. Tuliona wazee wakinunua gari la taksi, wakinunua kinu cha kusaga mahindi, wakifungua duka. Wachache walifaulu. Wengi, mwaka haukuisha, gari limeuzwa na kinu kimeuzwa, na watoto wao wakatoka shuleni. Baadhi ya watoto hao ndio wazazi wa vijana wa ateliye yetu. Je, wazee wale walikuwa wezi wa pesa yao? Mzee aliyejua kuongoza mashini kubwa chini ya ardhi hakuwa amejifunza kununua bidhaa na kukataa kukopesha shemeji. Pesa ya mara moja iliwakuta peke yao. Na sisi, miaka 20 nyuma, tuliwafanyia wajukuu wao vile vile: tuliwapa mashini moja moja, pamoja na ile Artikle 15 ambayo kila Mkongomani anaijua, ujisaidie mwenyewe.

Juu ya ile karatasi ya pili, kwamba mashini ibaki ya kanisa na kanisa liitwae likipenda, tunasema wazi kwamba hatukubali. Tumekwisha kusikia mmoja akisema kwamba kijana asipofika ibada mara tatu, mashini irudi. Hiyo ndiyo rehani ya jiwe la kusagia, wala hatuoni jina lingine la kuipa. Kijana atashona akiogopa, na siku atakapokosana na mzee mmoja wa baraza, nyumba yake italala njaa. Tena mbele ya sheria itakuwa vigumu kueleza: je, ni mtumikaji wetu? Ikiwa ni mtumikaji, mshahara wake uko wapi?

Lakini karatasi nyingine tunaitaka. Ndugu zetu Wakatoliki, hasa Wasalesiani waliofika mji huu mwaka wa 1911, wakati ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville, wana desturi tunayoweza kujifunza bila haya. Mwanzilishi wao, Don Bosco, alipokuwa Torino, Italia, alikuwa na vijana maskini waliotumika kwa mafundi wa mji. Katika miaka ya 1851 na 1852 alianza kuwafanyia mapatano ya kuandikwa. Fundi alitia sahihi kwamba atamfundisha kijana kazi yenyewe, hatamtumia kwa kazi za nyumbani, atamkaripia kwa maneno wala si kwa fimbo, atamwachia siku za sikukuu, na mshahara wake utaongezeka kidogo kidogo. Kijana alitia sahihi kwamba atatii na kutumika kwa bidii. Na yeye padri alisimama hapo kama mdhamini. Fundi akikosa, anamjua wa kujibu. Kijana akikosa, anamjua wa kujibu. Sheria yetu ya Kazi ya mwaka wa 2002 nayo inajua mapatano ya kumfundisha mtu kazi, kwa hiyo si jambo la ajabu hapa Kongo.

Tulipofikiri juu ya ile sahihi ya tatu, tulielewa kilichokosekana Desemba 2024. Mashini ilikuwako, breve ilikuwako, picha ilikuwako. Mdhamini hakuwako. Yule msichana alipokuwa na dada yake hospitalini, alipashwa kuwa na mtu wa kumkimbilia mbele ya kukimbilia mnunuzi. Sisi tulikaa dakika 10 kwa miguu kutoka kwao. Tulimwuliza sababu gani hakutujia. Alinyamaza kwanza, kisha akasema kwamba aliona haya, maana tulikwisha kumpa mashini, angeomba tena nini?

Maneno hayo yametushinda kuyajibu mpaka leo. Zawadi yetu ndiyo iliyofunga mlango wetu. Alihesabu kwamba sehemu yake ameipokea na mambo yamekwisha, na kweli, sisi pia tulihesabu hivyo hivyo.

Basi, mbele ya baraza tutasema hivi. Kijana yule wa kwanza arudishe kidogo kidogo alichokunywa, kwa kazi ya mikono yake, nasi tumtafutie fundi wa kumshika. Yule aliyenunua mashini kwa nusu ya bei alipe nusu nyingine kwa msichana, bila kutangazwa. Msichana wa hospitali asisimame mbele ya kanisa, wala asiandikwe kama mwizi. Akubali tu kukaa na yule mama wa lengalenga na kumweleza kwa kinywa chake franka zake zilikwenda wapi. Yule mama ana haki ya kusikia, na tumekwisha kumwuliza kama atakubali. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliuliza kama mtoto yule mchanga ni mzima.

Kundi linalofuata, vijana 6, wasipewe mashini Desemba. Mwaka mmoja mzima watumike kwa mafundi wa sokoni, na karatasi yenye sahihi tatu, na asubuhi mbili kila juma wajifunze kusoma na kuhesabu. Mwalimu mmoja wa primeri aliyepumzishwa amekubali kuwafundisha. Mashini itolewe mwezi wa saba, mbele ya mavuno ya uniforme, iwe yao kabisa. Na kila kijana awe na shemasi mmoja anayemtembelea nyumbani muda wa miaka miwili, si kutazama kama mashini ingali pale, bali kutazama kama wamekula.

Hii itagharimu pesa nyingi kuliko mashini, tena itatutaka sisi mashemasi jioni nyingi ambazo hatuzipendi kuzitoa. Kuna wanaosema basi tuifunge ateliye. Wana haki ya kusema hivyo, na ikiwa hatuwezi kufanya kazi ya mdhamini, sisi pia tutapiga kura ifungwe, kuliko kumfundisha mtoto mwingine kukanyaga mashini na kumwacha barabarani nayo.

Baraza litakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao nyuma ya ibada. Kitabu cha hesabu za ateliye, na franka za kila mtu tangu 2022, kiko nyumbani kwetu. Anayetaka kukisoma afike jioni, siku yoyote isipokuwa Jumatano.